Sukari Kwenye Gundi ya Madam Maktaba

Kabla hujaisikia kwa mtu mwingine, acha niseme mwenyewe: mimi ndiye niliyetia sukari kwenye gundi ya maktaba. Si panya, si mvua, si shetani. Mimi. Nilikuwa gredi ya sita, miaka kumi na miwili, na niliamini kabisa kwamba nina akili kuliko watu wazima wote wa Machakos, ukiondoa labda yule kinyozi wa karibu na soko aliyeweza kunyoa, kutafuna mahindi ya kuchoma na kubishana mpira kwa wakati mmoja. Nilitia vikombe vitatu. Nikakoroga vizuri, nikalamba mwiko, nikajipa hongera.

Nimeyakumbuka haya yote juzi tu. Sasa niko gredi ya kumi, nalala bweni, na nimeota ndevu nne ambazo nazikagua kila asubuhi kama zimeongezeka. Tulipofunga likizo fupi, mama akanituma shule yangu ya zamani nikachukue barua fulani iliyosahaulika huko. Nikapanda kile kilima kama mgeni wa heshima, mikono mfukoni, nikisalimia watoto wadogo "sasa" kwa sauti yangu mpya nzito. Nikapita nyuma ya madarasa, nikafika pale palipokuwa na maktaba. Mlango umepakwa rangi ya buluu. Dirishani wameweka vyuma. Ndani kuna kabati kubwa la bati limejaa tableti zinazochajiwa, vitaa vya kijani vinapepesa. Nikachungulia, nikavuta pumzi kwa nguvu, nikitafuta ile harufu. Hakuna. Chumba kinanuka plastiki na sabuni ya kupigia deki. Nilijisikia kama mtu aliyeenda kwa nyanya yake akakuta benki.

Wewe hukusoma pale, kwa hivyo ngoja nikupitishe mlangoni.

Chumba kile kilikuwa stoo ya mahindi ya shule kabla ya kuwa maktaba, na panya wa mle ndani waliamini wana hati miliki. Vitabu ndivyo vilivyowakuta. Mvua ikinyesha, mabati yalipiga kelele mpaka ukasoma kwa kuangalia midomo ya mwenzako. Jua likiwaka, yalilia ta, ta, ta, na rafu zikatoa harufu ya mbao, vumbi na karatasi ya zamani. Na katikati ya hayo yote alikaa Madam Maktaba.

Bila shaka alikuwa na jina. Hakuna mtoto aliyejisumbua kulijua. Alikuwa mwanamke mfupi wa kutoka Kangundo, mwenye mwendo wa haraka, miwani imefungwa kwa uzi wa cherehani upande mmoja, na kiondo kilichokuja asubuhi na maparachichi kikarudi jioni na vitabu vilivyochanika. Kwenye karatasi, kazi yake ilikuwa kuazimisha vitabu. Kwenye karatasi. Ukweli ni kwamba shule nzima ilikuwa inatembea juu ya mgongo wake, na mwalimu mkuu alidhani inatembea yenyewe.

Kengele alipiga yeye, kwa sababu saa ya ofisini ilikuwa imelala na ya mkononi mwake ndiyo iliyosema kweli. Ukitokwa na damu puani, ulipelekwa kwake. Alikukalisha kwenye kiti kidogo, akakubana pua, halafu akakuwekea kitabu mapajani: "Pua ndiyo mgonjwa, macho yana kazi gani?" Sukari na majani ya chai ya walimu alitunza yeye, maana vikikaa ofisini viliisha Jumanne. Sweta zilizopotea zilikuwa kwake, mpira ulikuwa kwake, na hata wembe wa kuchongea penseli uliuomba kwake. Ukimwambia kitabu kimepotea, alikuangalia juu ya miwani: "Kitabu hakina miguu. Usiniambie kimeenda. Niambie umekipeleka wapi." Na mzazi aliyekuja na barua ya Kiingereza kutoka ofisi fulani alipita kwa mwalimu mkuu kwa heshima tu, halafu akaenda maktaba asomewe kwa Kikamba, polepole, pamoja na yale ambayo barua yenyewe iliogopa kuyasema wazi.

Wasichana wakubwa walikuwa wanaingia mle wakitoka na vifurushi vya karatasi ya kaki. Mimi, mpelelezi, nikatangaza darasani kwamba ni mitihani inayoibwa. Madam akaniita. Akanifungulia kitabu cha Sayansi, sura ya kubalehe, akaniambia nisome kwa sauti mbele ya rafu, nisiruke hata picha. Nilisoma mpaka masikio yakashika moto. Tangu siku hiyo nikiona karatasi ya kaki naangalia dari.

Na kuna hii ya leso, ambayo nakuambia wewe tu. Nikiwa gredi ya nne niliruka ua wa jirani wa shule kwa sababu za maembe, na kaptura yangu ikapasuka kutoka mbele hadi nyuma. Nilitembea kinyumenyume mpaka maktaba, mgongo ukutani. Hakuuliza kitu. Alinirushia leso yake ya kujifunga kiunoni, akageuka, akasema, "Vua, ulete." Nikakaa nyuma ya rafu ya atlasi nimejifunga maua mekundu kama mke wa mtu, huku yeye akishona kwa sindano ileile ya vitabu na uzi uleule mnene. Kaptura ile baadaye ilichanika kila mahali isipokuwa pale. Na hakumwambia mtu yeyote. Mimi ningekuwa yeye, ningeipigia kengele.

Lakini kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa hospitali ya vitabu. Kwenye pembe ya chumba kulikuwa na meza ndefu aliyoiita wodi. Vitabu vililala pale vimefungwa vitambaa vya magunia ya unga, mawe ya mtoni juu yake ili gundi ishike. Na gundi alipika mwenyewe kila Jumatano, kwenye jiko la makaa nje ya mlango wa nyuma. Unga wa ngano unakorogwa kwanza na maji baridi usiwe na madonge, unaingia kwenye maji yanayochemka, chumvi kidogo, na mwisho jagi zima la maji ya mwarobaini, majani yamechemshwa mpaka maji yakawa meusi. Harufu yake ilikuwa nusu chapati, nusu zahanati. Tone moja likigusa ulimi, uso ulijikunja wenyewe bila kukuomba ruhusa. Ndiyo ilikuwa maana yake: sisimizi, mende na panya wakionja mara moja, wanahama. "Gundi yangu hailiwi," alituambia. Alijivunia sentensi hiyo kama watu wengine wanavyojivunia ng'ombe.

Wauguzi wa wodi walikuwa wahalifu. Ukikosa, unahukumiwa wiki moja ya kukata vitambaa na kukoroga sufuria. Mimi nilifungwa kwa kuwachorea masharubu watu wote kwenye kitabu cha Masomo ya Jamii, akina mama wakiwemo, pamoja na ng'ombe mmoja wa maziwa.

Sasa, jirani yangu wa dawati, kijana mwenye meno makubwa na imani ndogo, akasema hakuna binadamu anayeweza kumeza vijiko vitatu vya gundi ya Madam bila kukunja uso.

"Mimi naweza," nikasema.

"Wewe? Wewe unalia ukipewa panado."

"Mimi."

"Ukiweza, mandazi yangu ni yako wiki nzima. Ukishindwa, unanibebea begi mpaka tufunge shule."

Darasa zima likawa mashahidi. Ningerudi nyuma vipi?

Jumatano ikafika. Madam alikuwa ameniwekea kila kitu tayari, sufuria imeanza kuwa nzito, mara akaletwa mtoto wa gredi ya kwanza aliyejigonga mlingoti wa bendera akikimbia. Madam akaniachia mwiko. "Ikianza kupumua, tia maji ya jagi. Yote." Nikasema sawa, Madam. Alipopiga kona tu, nikamwaga jagi kwenye maua ya mwalimu mkuu na kufungua kopo la sukari ya walimu. Mengine unayajua.

Wakati wa mapumziko, vichwa vilijaa dirishani. Nikala kijiko cha kwanza nikiangalia mbali, kama mtu anayesikiliza wimbo wa taifa. Cha pili. Cha tatu nilikilamba mpaka kijiko kikang'aa. Nikapangusa mdomo, nikasema, "Imepungua chumvi." Wee! Walinibeba. Jirani yangu wa dawati alinitazama kama mtu aliyeona maiti akiomba chai.

Ngoja sasa nikuonyeshe kosa lilipo. Kula gundi si kitu. Shida ni kwamba sufuria ilibaki imejaa, na tulikuwa wiki ya mwisho kabla ya kufunga shule. Madam akarudi na haraka zake, akatumbukiza brashi, akaanza kuunga migongo ya vitabu vyote vya Hisabati na Sayansi vya gredi ya sita, ili muhula mpya tuvikute vizima. Alipaka mpaka jioni, akiimba nyimbo za kanisa kwa pua. Mimi nilikuwa hapo hapo nikimshikia vitambaa. Maneno yalinifika kooni mara mbili. Mara zote mbili nikaona mandazi, nikayameza. Tukapanga vitabu mezani, tukaweka mawe, akafunga mlango kwa kufuli.

Likizo hiyo ya Aprili mvua ilinyesha mpaka mchanga wa njia ukahamia barabarani. Kila mdudu wa kilima kile alikuwa anatafuta mahali pakavu penye chakula. Mimi nilikuwa nimeshawaandalia.

Siku ya kufungua shule tulipanga foleni nje ya maktaba kuchukua vitabu. Madam akasukuma mlango, akasimama kizingitini, hakuingia. Tukachungulia chini ya mikono yake. Sisimizi walikuwa wametoka dirishani hadi wodi kwa foleni nzuri kuliko yetu. Mende walikimbia kama wameona askari. Migongo ya vitabu ilikuwa imetafunwa yote, na kurasa zimetapakaa sakafuni kama manyoya ya kuku siku ya Krismasi. Lakini kwenye rafu, vitabu alivyounga zamani vilikuwa vimesimama salama, havijaguswa hata kimoja.

Mwalimu mkuu alikuja na fimbo yake ya kuonyeshea ramani. Akainua kurasa kwa ncha ya fimbo.

"Madam, hivi ni vitabu vya serikali. Wewe umevipaka uji?"

"Si uji, mwalimu. Gundi yangu hailiwi."

"Imeliwa," akasema.

Sasa uelewe kwamba Madam hakuajiriwa na serikali. Wazazi ndio waliomwajiri, na wazazi wangeweza kumwachisha kazi kwa kunyoosha mikono tu. Mwalimu mkuu akasema hapo hapo, mbele yetu watoto, kwamba mkutano wa wazazi ni Ijumaa, na wao ndio watakaoamua kama shule inahitaji mtu wa namna hii. Akaenda zake.

Madam akaokota kitabu cha Hisabati. Akauleta mgongo wake mdomoni, akaulamba. Akalamba tena. Halafu akageuka polepole, na miwani ile ikapita juu ya vichwa vyote thelathini na kitu, ikaja kutua kwangu.

"Wengine nendeni darasani. Wewe baki."

Nikabaki.

"Ulitia maji ya jagi?"

Kwa kawaida mdomoni mwangu kunaishi mzaha mmoja au miwili. Siku hiyo ilikuwa imehama. "Hapana, Madam."

"Ulitia nini?"

"Sukari."

"Kiasi gani?"

"Vikombe vitatu."

"Aiya! Hata walimu hawatii hivyo." Akakaa kwenye kile kiti kidogo cha wenye kutokwa na damu puani. Akaokota ukurasa mmoja pale chini. "Sufuria ilikuwa yangu. Mimi ndiye niliyeiacha. Ijumaa nitasema hivyo."

"Na mimi, Madam?"

"Wewe una mdomo wako, baba. Mimi sijawahi kuusemea."

Nikaenda nyumbani, na nyumbani habari zilikuwa zimefika kabla yangu. Mama anauza nyanya na sukuma wiki sokoni, na sauti yake imezoea kushindana na spika za wahubiri. Alikuwa anachagua maharagwe ya kuchanganya na muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa, na kila jiwe alilolipata alilitupa mlangoni kama analipiga mtu. "Tulikubali tuajiri mtu wa kuchunga vitabu, kumbe anafuga panya! Ijumaa nitasimama mimi." Akanitazama. "Wewe si ndiye mtu wa maneno hapa? Niambie, nikisimama niseme nini kiwakae?"

Rafiki yangu, mdomo wangu una tabia mbaya. Ukiombwa mzaha, unatoa kabla mimi sijakubali. Nikasema, "Waambie panya wa shule yetu wamemaliza gredi ya sita, wanangoja matokeo tu."

Mama alicheka mpaka akashika ukuta. "Hiyo! Hiyo ndiyo nitawapa."

Usiku huo nilibakisha muthokoi kwenye sahani, jambo ambalo kwetu ni dalili ya malaria.

Siku zilizofuata niliona kitu ambacho sikukipenda. Madam alikuwa anagawa kazi zake. Jumanne alimwita mpishi akamwonyesha jinsi ya kubana pua ya mtoto, hapa, si hapa. Jumatano alimpa mwalimu wa gredi ya tano vile vifurushi vya kaki na kumnong'oneza kwa muda. Alimfundisha prefekti kupiga kengele. Alifunga karatasi kwenye kila ufunguo, akaandika kwa herufi kubwa ni wa wapi. Sweta zilizopotea alizifua, akazikunja, akaniambia nizitafutie wenyewe. Kufikia Alhamisi jioni alikuwa amewapa kazi watu saba, na bado mama mmoja mzee alikuja na barua yake, akaangalia huku na huku, hakujua sasa atamwendea nani. Nilijaribu kutunga mzaha kuhusu hilo. Haukuja.

Ijumaa saa nane wazazi walijaa darasa la gredi ya sita. Sisi tulifukuzwa uwanjani, lakini mimi nilichuchumaa chini ya dirisha. Mwalimu mkuu akaeleza hasara. Mwenyekiti wa wazazi akainua kitabu kimoja kilicholiwa, akakizungusha kila mtu akione. Madam akasimama, akasema, "Sufuria ilikuwa yangu, nikaiacha. Sina la kuongeza." Akakaa.

Halafu mama akainuka. Alianza polepole, kama anapopanga nyanya, akapanda, akapanda, akafika juu: "Panya wa shule yetu wamemaliza gredi ya sita! Wanangoja matokeo tu!"

Darasa lilipasuka. Mwenyekiti alipiga meza. Mzee mmoja alikohoa mpaka akagongwa mgongo. Huo, nakuambia kweli, ndio mzaha uliochekwa kuliko yote niliyowahi kutunga, na nilikuwa nimeinua kichwa dirishani kuufurahia. Nikamwona Madam. Alikuwa amevua miwani anaipangusa kwa pindo la sweta, anaipangusa, anaipangusa, na haikuwa na uchafu.

"Basi," mwenyekiti akasema akifuta machozi ya kicheko, "wanaotaka Madam apumzike, mikono juu." Mkono wa mama ulikuwa wa kwanza. Mingine ikaanza kuufuata.

Mlangoni alikuwa amekaa chifu, na chifu wetu akikaa mlangoni hakuna mlango tena. Kwa hivyo nilipita dirishani. Nikatua juu ya dawati, nikasimama hapo juu na matope yangu.

"Ni mimi! Nilimwaga mwarobaini kwenye maua, nikatia sukari ya walimu, vikombe vitatu!"

Halafu, huwezi kuamini, wakacheka tena.

"Huyu si ndiye yule wa masharubu?" mtu akauliza.

"Ndiye. Hata ng'ombe hakumsaza."

"Shuka," mwalimu mkuu akasema. "Leo si siku ya maigizo."

Fikiria. Mara ya kwanza maishani nasema ukweli bila kubanwa, na unapokewa kama kichekesho. Mama peke yake hakucheka. "Shuka hapo kabla sijakuja," akasema.

"Kionjeni kitabu!" nikapiga kelele. "Ni kitamu!"

Mwalimu mkuu akasema hakuna mtu mzima atakayelamba kitabu katika shule yake. Hapo ndipo Madam alipozungumza, bila kusimama. "Nyuma kuna sufuria niliyopika Jumatano, kama kawaida yangu. Mpeni kijiko kimoja cha hiyo. Halafu mtu aonje kitabu."

Sufuria ikaletwa. Mama akakichukua kijiko yeye mwenyewe, akanilisha kama alivyonilisha nikiwa mchanga. Nikameza. Uso wangu ulienda pande ambazo sikujua uso una njia ya kufika. Machozi yalitoka, masikio yakasogea, nikapiga chafya mbili. Hakuna aliyesema naigiza. Mama alinitazama, akachovya kidole chake, akalamba, na uso wake ukafanya vilevile. Akautema mwarobaini kwenye kitambaa. Kisha akakitwaa kile kitabu mkononi mwa mwenyekiti na kukilamba mgongo mbele ya wazazi wote.

Akakigeuza, akaiangalia ile gundi iliyokauka.

"Ni sukari," akasema, kwa sauti ndogo ambayo sokoni hawaijui. Akamnyooshea mwalimu mkuu. "Onja, mwalimu."

Mwalimu mkuu alikigusa kwa ncha ya ulimi, kama mtu anayepima pasi kama imepata moto. Alikigusa tena.

"Mwenyekiti," mama akasema, "mkono wangu nimeuteremsha. Na yale maneno ya panya nayarudisha pia. Madam, unisamehe." Mikono mingine ikashuka mmoja mmoja, mingine ikijifanya ilikuwa inajikuna tu.

Madam akavaa miwani yake. "Nimekusikia, mama. Sasa kama mmemaliza, saa tisa imepita na kengele haijapigwa." Akatoka, chifu akampisha, na tukaisikia kengele ikilia kwa nguvu kuliko siku zote.

Jumamosi zangu zote mpaka Agosti ziliishia wodini. Niliunga kila kitabu, kimoja baada ya kingine, kwa gundi chungu niliyoipika mwenyewe, na leo hii nikiwa bwenini mtu akichaniwa kitabu ananitafuta mimi, na ninakirudisha kizima. Siringi. Haya, naringa.

Madam alibaki miaka miwili zaidi, mpaka chumba kilipotakiwa kwa mambo mapya. Sibishani na tableti. Ninazitumia, na ni nzuri. Lakini juzi nilipokuwa pale niliuliza maswali. Kengele siku hizi ni ya umeme, ukipotea na yenyewe inapotea. Vifurushi vya kaki viko ofisini kwa karani mwanamume, kwa hivyo wasichana hawaendi kuvichukua. Mtoto akitokwa na damu puani anatumwa nyumbani. Nilimwuliza askari wa lango wazazi wenye barua wanaenda kwa nani, akasema, "Barua gani?" Hizo kazi saba alizirudia mwenyewe baada ya mkutano ule, na alipoondoka hazikuchukuliwa na mtu mwingine, zililala tu siku moja, na shule ikazoea. Harufu ile ya nusu chapati nusu zahanati haiko popote. Nimesikia Madam yuko kwake Kangundo, na kwamba watu bado wanapanda kilima cha huko na karatasi zao mkononi. Likizo ya Agosti nitaenda. Nitabisha hodi kwa jina lake halisi, maana mwishowe nimelitafuta nikalijua.

Najua lakini swali lililokubana tangu mwanzo: jioni ile ya Ijumaa, mama alinifanyaje? Tuliteremka kilima yeye mbele, mimi nyuma, kiondo cha nyanya zilizobaki begani mwake. Tulipita kanisa, hakusema. Tulipita kinu cha posho, hakusema. Watu walimsalimu akaitikia kwa kichwa. Tulipofika mlangoni kwetu akatua kiondo, akatafuta ufunguo, na bila kugeuka akasema hivi, neno kwa neno:

"Umeniaibisha mbele ya watu wote, lakini angalau umeniaibisha ukiwa umesimama. Ingia ule kwanza. Nikikuchapa ukiwa na njaa, majirani watasema sikulishi."